Adhabu kwa mchezaji anayemtukana mwenzake kwa rangi, asili au dini: neno "utani" lisiwe kichaka cha kujificha

Mshika Kibendera, Tanga

Wadau, salaam.

Kwa miaka 11 nilishika kibendera katika viwanja vya mkoa huu, kuanzia ligi za mtaa za Ngamiani na Makorora hadi mechi za ngazi ya mkoa, na ninaleta uzi huu kwa sababu ya jambo moja ambalo sijaweza kuliweka chini tangu siku lilipotokea.

Mechi ilikuwa ya ushindani na timu sitazitaja. Winga wa kulia wa timu ya wageni, kijana ambaye babu yake aliletwa kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge, alikuwa amempita beki mara tatu mfululizo. Mara ya nne mpira ukatoka nje, kama hatua nne kutoka niliposimama. Beki akainama kufunga kamba ya kiatu na, bila kuinua uso, akasema: "We manamba, we kafiri, rudi porini kwenu ukakate mkonge." Aliyasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Winga alikuwa ameushika mpira tayari kwa kurusha. Hakumtazama beki. Alinitazama mimi, akaona kwamba nimesikia, akasubiri. Mimi nikanyoosha kibendera kuonyesha upande wa kurusha, basi.

Dakika chache baadaye winga alimpiga beki yule kichwa, akapewa kadi nyekundu, na ripoti ikaandikwa mistari miwili: amempiga mpinzani kwa kichwa wakati mpira haupo karibu. Nilipomweleza mwamuzi wa kati yale niliyoyasikia, alinijibu kwamba hao ni watani, na kwamba hata kama si utani sina la kuthibitisha. Winga alifungiwa. Beki alicheza wiki iliyofuata.

Kwa wasomaji ambao si wa huku, manamba ni vibarua wa mkataba waliochukuliwa kutoka Umakonde, Unyamwezi, Uha, Burundi na kwingineko kuja kwenye mashamba ya mkonge, nao wakaitwa hivyo kwa sababu walijulikana kwa namba. Robo tatu ya mitaa ninayoifahamu ina wajukuu wao. Kumwita mtu manamba ni kumwambia kwamba hata azaliwe hapa, na baba yake azaliwe hapa, bado ni mgeni anayehesabiwa. Mimi ni Mwislamu, na kwa haki ya Mungu niseme pia kwamba nimewasikia wachezaji Waislamu wakiitwa magaidi na wenzao wa timu pinzani, na hapo vilevile filimbi haikupulizwa.

Hoja yangu ya kwanza inahusu hilo neno "utani", kwa sababu ndilo linalotuponza. Sisi tumelelewa katika utani na tunaujua mipaka yake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara iliyoteremka Bagamoyo, na kila mmoja anajua kwamba mtani anayekuchokoza leo ndiye atakayekuja msibani kwako kufanya kazi ambazo ndugu zako hawawezi kuzifanya kwa uchungu. Utani una pande mbili, unajulikana na wote wawili, na una wajibu ndani yake. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi kwa sababu leo anacheka huyu na kesho anacheka yule. Yule beki hakuwa na utani wowote na yule winga. Hakumpa nafasi ya kujibu kwa kipimo kilekile, wala hakukusudia acheke. Kwa hiyo anayeita jambo lile utani anautukana utani wenyewe.

Hoja ya pili ni ya kanuni. Sheria ya 12 ya mchezo inampa mwamuzi kadi nyekundu kwa lugha ya kuudhi, ya matusi au ya kudhalilisha, hivyo silaha ipo mkononi mwake. Zaidi ya hapo, kanuni za nidhamu za FIFA za mwaka 2019 ziliweka kifungo cha mechi zisizopungua 10 kwa anayemdhalilisha mtu kwa rangi, kabila, asili, dini na mengineyo ya aina hiyo, ingawa ziliruhusu pia kifungo cha muda maalumu au adhabu nyingine inayofaa. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliweka kiwango hichohicho cha mechi 10 mwaka 2013. Ninataka tujadili kwa utulivu: je, huku kwetu tuifuate hatua hiyo hadi ngazi za chini, na tuthibitishe vipi maneno yaliyosemwa na mtu mmoja sikioni mwa mwingine?

Mdau wa Chuda

Mkuu, nakuheshimu kwa kazi uliyoifanya, lakini sikubaliani nawe. Nimecheza beki kwa miaka mingi na ninajua kwamba maneno ni sehemu ya mchezo. Beki aliyezidiwa mbio anatafuta kumtoa winga mchezoni kwa mdomo, na winga mwenye akili anamjibu kwa bao. Katika fainali ya Kombe la Dunia kule Berlin, tarehe 9 Julai 2006, Materazzi wa Italia alimtukania Zidane wa Ufaransa dada yake, Zidane akampiga kichwa, na hata hivyo FIFA walimfungia Materazzi mechi 2 na Zidane 3. Hakuna aliyesema mechi 10. Je, rangi ya mtu ina thamani kuliko dada yake? Ukianza kupima matusi kwa mizani utamaliza ligi nzima, kwa sababu hakuna mechi ya Mkwakwani, hasa Coastal Union na African Sports walipokuwa wakikutana, ambayo midomo ilinyamaza.

Mshika Kibendera, Tanga

Ndugu yangu wa Chuda, nakushukuru kwa kuusema waziwazi msimamo ambao wengi wanao kimoyomoyo.

Sisemi kwamba dada ya mtu ni mwepesi. Tusi la Materazzi lilikuwa baya na liliadhibiwa, na kama mechi 2 zilikuwa chache tunaweza kulijadili hilo pia. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: tusi lile lilimlenga Zidane na nyumba yake, lakini beki yule aliposema "manamba" na "kafiri" alikuwa akiwatukana kwa mkupuo mmoja kipa wa timu yake mwenyewe, ambaye ni Mkristo, daktari wa timu pinzani, na wale wazee waliokaa juu ya matofali nyuma ya goli ambao baba zao walikata mkonge Ngomeni na Pongwe. Wote hao walikuwepo uwanjani na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemkwatua. Halafu mchezaji aliyetukanwa kwa jambo binafsi anaweza kurudi nyumbani akapumzika miongoni mwa watu wake, ilhali aliyetukanwa kwa asili yake anarudi kwa watu wake na kuwakuta nao wametukanwa.

Na kuhusu kumtoa mtu mchezoni kwa mdomo, sina ugomvi nalo. Mwambie hajui kupiga krosi, mwambie kocha anamtoa dakika ya 60, mwambie viatu vyake vya kuazima. Kuna bahari nzima ya maneno ya kumchokoza winga bila kugusa rangi yake wala kibla chake.

Binti Pangani

Habari zenu wadau. Mimi nimesoma sheria, kwa hiyo nitasema machache kwa upande huo.

Kwanza, msingi upo. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, na inapoueleza inataja taifa, kabila, mahali mtu alipotokea, rangi na dini. Sura ya 16, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Kwa hiyo si kweli kwamba uwanja ni kisiwa ambacho sheria za nchi hazivuki kwenda.

Pili, ninakuomba mleta uzi uwe mwangalifu na suala la ushahidi. Tarehe 23 Oktoba 2011, pale Loftus Road, John Terry wa Chelsea alidaiwa kumtukana Anton Ferdinand wa Queens Park Rangers kwa rangi yake. Kesi ilikwenda mahakamani, na Julai 2012 Terry akaachiwa huru, kwa sababu yeye alijitetea kwamba alikuwa akirudia kwa kukanusha maneno aliyodaiwa kuyasema, na hakimu hakuweza kufikia hatua ya kutokuwa na shaka. Septemba mwaka huohuo Chama cha Soka cha England kikamtia hatiani kwa tukio lilelile, mechi 4 na faini ya pauni 220,000. Wengi waliona ni kumhukumu mtu mara mbili. Je, hilo ni haki?

Mshika Kibendera, Tanga

Dada, umegusa mahali ambapo pananiuma zaidi, kwa hiyo uniruhusu nikujibu kwa kirefu.

Naona ni haki, kwa sababu vyombo hivyo viwili viliulizwa maswali mawili tofauti. Mahakama inaweza kumtia mtu alama ya uhalifu maisha yake yote, ndiyo maana inadai uthibitisho usioacha shaka. Kamati ya nidhamu inauliza kama mtu huyu astahili kuingia uwanjani Jumamosi, na hapo inatosha kupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Mwajiri hangojei hukumu ya mahakama ndipo amwonye mfanyakazi aliyemtukana mwenzake kazini.

Mfano ninaourudia kila mara ni ule wa Luis Suárez na Patrice Evra, Liverpool na Manchester United, Anfield, tarehe 15 Oktoba 2011, siku nane tu kabla ya hilo la Terry. Hakuna mchezaji wa tatu aliyeyasikia maneno yale, na hakuna kamera iliyonasa sauti. Walizungumza Kihispania, wawili peke yao, ndani ya eneo la goli. Kwa mantiki ya yule mwamuzi wangu wa kati, kesi ingekufa palepale. Lakini kamati huru ya watu watatu ilikaa ikawasikiliza wote wawili, ikaangalia picha dakika kwa dakika, ikalinganisha maelezo ya kila mmoja na yale aliyowaambia wenzake na waamuzi siku ileile, kisha ikaandika ripoti ya kurasa 115. Iliona kwamba maelezo ya Evra hayakuyumba na ya Suárez yaliyumba. Suárez alifungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000.

Katika kesi hiyo kuna jambo ambalo sisi Waswahili tunapaswa kulitazama kwa karibu. Suárez hakukana kulitumia neno "negro". Alisema kwamba kwao Uruguay ni neno la kawaida, hata la kirafiki, yaani, kwa lugha yetu, alisema ni utani. Kamati haikumpuuza wala haikumwamini tu. Iliwaita wataalamu wa lugha, nao wakaeleza kwamba kweli neno hilo linaweza kutamkwa kwa mapenzi baina ya watu wanaojuana, lakini si katikati ya ugomvi, mtu anapomfinya mwenzake ngozi na kubishana naye. Hicho ndicho kipimo cha utani nilichokieleza mwanzoni: nani alimwambia nani, wana uhusiano gani, na walikuwa katika hali gani. Tukiwa na wazee wawili wa Tanga wanaojua uzito wa neno "manamba", kamati yetu ingemaliza kazi hiyo kwa alasiri moja.

Hata hivyo siukatai wasiwasi wako. Machi 2024, Juan Jesus wa Napoli alimlalamikia Francesco Acerbi wa Inter, na jaji wa michezo wa Italia akakubali kwamba maneno ya kuudhi yalitamkwa, lakini akasema kwamba sehemu ya ubaguzi haikuwa na ushahidi zaidi ya maneno ya mlalamikaji, hivyo hakutoa adhabu. Mimi naona walikosea kipimo, lakini ninakubali kwamba siku nyingine kamati yenye nia njema itakwama namna hiyo. Hapo naomba jambo moja tu: malalamiko ambayo hayakuthibitika yasigeuzwe kuwa uongo. Aprili 2021 Mouctar Diakhaby wa Valencia alimtuhumu Juan Cala wa Cádiz, timu yake ikatoka uwanjani naye, kisha ikarudi bila yeye kuendelea na mechi. Ushahidi haukupatikana. Diakhaby aliketi jukwaani kutazama wenzake wakicheza, na aliyetuhumiwa akaendelea hadi mapumziko. Sura ile ya kijana anayeketi peke yake imenikumbusha yule winga wangu kila niionapo.

Mgosi wa Mabawa

Watoze faini kubwa, mkuu, watanyamaza. Mambo ya kufungiana mechi yanaziumiza timu na mashabiki wasio na kosa.

Mshika Kibendera, Tanga

Mgosi, faini inamfaa tajiri. Terry alilipa pauni 220,000 na maisha yake hayakubadilika. Kwetu huku, mchezaji wa daraja la chini hana mshahara wa kukatwa, anacheza kwa posho ya nauli na chai, kwa hiyo faini italipwa na mfadhili au kiongozi, na mchezaji hataiona hata kwa macho. Anachokiona ni jezi yake ikivaliwa na mwingine. Na timu kuumia si jambo baya, kwa sababu ndipo nahodha na kocha watakapoanza kukemea mazoezini, kabla mwamuzi hajaitwa.

Tena tuwe wakweli kuhusu viongozi. Baada ya adhabu ya Suárez, wachezaji wenzake walivaa fulana zenye picha yake kabla ya mechi ya Wigan, Desemba 2011. Walidhani wanamtetea ndugu yao, lakini Februari iliyofuata alipopita bila kumpa Evra mkono, klabu ndiyo iliyolazimika kuomba radhi pamoja naye.

Mwalimu wa Muheza

Asanteni wote kwa mjadala wenye adabu. Mimi nafundisha vijana, na ninachotaka kukiuliza ni upande wa dini, kwa maana mifano mingi iliyotolewa ni ya rangi. Uskoti wana historia ndefu ya Celtic, iliyoanzishwa mwaka 1887 kuwasaidia maskini Wakatoliki wa asili ya Ireland, na Rangers ya Waprotestanti, hata ikawa habari ya dunia Rangers walipomsajili Mkatoliki Mo Johnston mwaka 1989. Neil Lennon, Mkatoliki aliyekuwa akiichezea Celtic, aliacha kuichezea Ireland ya Kaskazini mwaka 2002 baada ya kutishiwa kuuawa. Wakatunga sheria maalumu ya maneno ya chuki mpirani mwaka 2012, na mwaka 2018 wakaifuta. Je, hiyo haionyeshi kwamba adhabu hazifui dafu mbele ya chuki ya dini?

Mshika Kibendera, Tanga

Mwalimu, shikamoo. Sheria ile iliyofutwa iliwalenga zaidi mashabiki na nyimbo zao, na ilipingwa na wengi waliosema kwamba makosa hayo yalikuwa tayari yanaadhibika kwa sheria nyingine. Mchezaji ni jambo jingine. Yeye ana leseni, ana kanuni alizozikubali kwa kusaini, na ana jina lililoandikwa mgongoni. Uskoti huohuo, mwaka 2014, Aleksandar Tonev wa Celtic alifungiwa mechi 7 kwa kumtukana Shay Logan wa Aberdeen kwa rangi yake, rufaa yake ikakataliwa, na kesi ile nayo ilikuwa neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine. Inawezekana, ikitakiwa.

Lakini mfano wa Uskoti ninaoutaka zaidi ni wa Machi 2021 pale Ibrox, kwa sababu unafanana na wangu kwa karibu. Ondřej Kúdela wa Slavia Prague alimsogelea Glen Kamara wa Rangers, akaziba mdomo kwa mkono, akamnong'oneza jambo sikioni. Baada ya mechi Kamara akampiga. UEFA walimfungia Kúdela mechi 10 na Kamara mechi 3. Wapo waliolalamika kwamba Kamara hakustahili hata moja. Mimi, kama mwamuzi, nasema alistahili, maana tukiruhusu ngumi kwa sababu ya neno, kesho tutaokota maiti. Ila angalieni uwiano. Mechi 10 kwa aliyeanza, 3 kwa aliyejibu, na yote mawili yameandikwa katika kumbukumbu, ili kila atakayeisoma ajue ngumi ilitoka wapi.

Ripoti yetu iliandika pigo la kichwa peke yake.

Kwa hiyo ninayoyaomba kwa vyama vya mikoa ni haya. Fomu ya mwamuzi iwe na nafasi ya kuandika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, si "lugha isiyofaa", kwa sababu kamati haiwezi kupima uzito wa neno ambalo halikuandikwa. Mshika kibendera, mwamuzi wa akiba na kamisaa waandike kila mmoja kwa mkono wake yale waliyoyasikia, kabla hawajaketi pamoja. Kifungo kiwe mechi 10, na anayekiri mapema na kumwomba radhi aliyemtukana mbele ya timu zote mbili apunguziwe, kwa sababu nia yetu ni arudi akiwa mwingine. Na mchezaji anayekuja kwa mwamuzi kulalamika asipewe kadi ya njano kwa kubishana.

Mdau wa Chuda

Sijabadili kila kitu nilichokisema, lakini hilo la kuandika maneno yenyewe nimelikubali. Nimekumbuka maneno yangu mawili matatu ya zamani ambayo nisingependa mwanangu ayasome katika ripoti. Swali moja tu, mkuu: yule winga yuko wapi siku hizi?

Mshika Kibendera, Tanga

Aliacha mpira msimu uleule. Anaendesha bodaboda, na nilimfuata kijiweni kwake mwezi uliopita nikamweleza kwamba nilisikia siku ile na sikusema. Alinyamaza kidogo, akaniambia alijua, kwa sababu niliinamisha macho. Nikamwambia ninataka kuandika barua kwa chama kueleza kilichotokea, ingawa adhabu yake ilikwisha zamani, na kwamba jina lake sitaliweka bila ruhusa. Akaniuliza kama nitaandika pia kwamba alipiga kichwa. Nikamjibu ndiyo, yote mawili. Akasema basi niweke na jina.

Barua nimeipeleka Jumatatu.